Injini ya ndani: ipangwe ufukweni au chombo kikishaelea?

Kufunga injini ya ndani kwenye chombo cha mbao kuna mambo mengi yasiyo na ubishi. Injini ikae juu ya mihimili miwili mirefu ya mbao ngumu iliyoshikana na mataruma (mbavu za chombo), si juu ya vipande vifupi vilivyopigiliwa ubavuni. Shafti, yaani chuma kirefu kinachozungusha rafadha (panga linalosukuma chombo), ipite katikati ya bomba lake bila kugusa popote. Ubishi uko kwenye hatua ya mwisho, ya kuoanisha flanji ya giaboksi na flanji ya shafti, yaani zile sahani mbili za chuma zinazofungwa pamoja kwa boliti, ambayo mafundi wetu huiita alaimenti. Je, imalizwe chombo kikiwa bado kimeegemezwa ufukweni, au isubiri mpaka kielee?

Wanaosema ufukweni wana hoja nzito. Pale fundi anaona kila kitu. Anapita chini ya tezi (nyuma ya chombo), anaishika rafadha, anaizungusha kwa mkono na kuitazama shafti inavyokwenda. Hakuna wimbi la kumyumbisha wala maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, ya kuinamia. Kasoro kubwa, kama tundu lililotobolewa upande au muhimili uliozidi urefu, ni lazima ionekane hapo hapo, kwa sababu chombo kikishaelea hutoboi tena. Tena kuna suala la fedha: mwenye chombo amekwisha kununua mbao, injini na kalafati, na kila siku ambayo chombo hakijasafiri ni hasara juu ya hasara. Wengine huongeza kwamba vyombo vyetu hupwelewa kila maji yakitoka, mwili wake ukijikunja na kujikunjua. Ukisahihisha kwa unene wa nywele leo, kesho si umepotea?

Tuanze na huo unene wenyewe. Kanuni inayofuatwa ni kwamba kwa kila inchi moja ya kipenyo cha flanji, tofauti ya pengo kati ya upande mmoja na mwingine isizidi sehemu moja ya elfu ya inchi. Kwa flanji ya milimita 100 hiyo ni kama milimita 0.1, yaani unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Nimeshuhudia kazi hii ikipimwa kwa kipande cha msumeno wa chuma: kikipenya juu na chini, fundi anafunga boliti. Kipande kile kina unene wa takriban milimita 0.6, na mkono hauwezi kutofautisha pengo la 0.6 na la 0.8. Tofauti hiyo tayari ni mara mbili ya inayoruhusiwa. Fila geji (visahani vyembamba vya kupimia mapengo) ile ile ya kuwekea valvu ingemaliza kazi.

Sasa fikiria chombo kilichokaa juani miezi mitatu. Ufukweni uzito wake wote umebebwa na mkuku na magogo machache. Kikishuka, maji yanakibeba mwili mzima, na mbao zilizokauka zinaanza kunywa na kuvimba; ndiyo maana kivujavyo siku ya kwanza sivyo kivujavyo baada ya siku tatu. Omo na tezi haziwezi kubaki pale zilipokuwa. Kwa chombo cha mita kumi, kusogea kwa milimita 0.1 ni jambo la usiku mmoja tu. Kipimo cha ufukweni, hata kikifanywa kwa fila geji na subira, kinakuwa kimekwisha kubatilika kabla ya safari ya kwanza.

Hoja ya kupwelewa hainishawishi. Injini haifanyi kazi chombo kikiwa kimekaa mchangani. Umbo linalohitaji kupimwa ni lile la chombo kinachoelea, na maji yakijaa ndiko kinakorudi.

Hoja inayonishughulisha zaidi ni ya mzigo. Jahazi tupu na jahazi lililopakia saruji hadi karibu na ukingo si mwili mmoja, na hakuna alaimenti itakayofaa hali zote mbili sawasawa. Hapo nakubali kwamba raba zinazowekwa chini ya injini pamoja na kaplingi (kiungo cha giaboksi na shafti) inayonyumbulika vina nafasi yake. Lakini raba hubonyea kwa uzito kadiri muda unavyopita, huharibiwa na dizeli na oili, na ndizo zinazopokea msukumo wa rafadha. Na kaplingi ile si ruhusa ya kuacha kupima. Shafti inayozunguka mara 900 kwa dakika huikunja kaplingi iliyopinda mara 432,000 katika safari ya saa nane. Kwa injini nzito ya silinda moja au mbili, izungukayo polepole, mimi bado ningeifunga moja kwa moja kwenye mihimili, nikaipima chombo kikiwa na mafuta na mzigo wa wastani.

Kupima kwenyewe majini hakuna uchawi. Fungua boliti, rudisha shafti nyuma kidogo, uiinue ili isining'inie kwa uzito wake. Flanji zikutane kwa mkono bila kulazimishwa. Kisha pima pengo juu, chini, kulia na kushoto. Zungusha shafti robo mzunguko, giaboksi ikiwa imetulia, upime tena. Pengo likiifuata shafti, shafti au flanji yake imepinda, na kusogeza injini hakutasaidia. Likibaki palepale, injini ndiyo ya kusogezwa. Kaza nati za misingi halafu urudie kipimo, maana kukaza kwenyewe huisogeza injini.

Anayeruka hatua hii hulipa polepole: beringi ya nyuma inaliwa upande mmoja, pakingi inayozuia maji kwenye shafti inavuja kila ikikazwa, sili ya giaboksi inaanza kutoa oili, na pampu ya ngama haipumziki. Nahodha ndiye anayekutana na haya akiwa mbali na nchi kavu, wakati fundi ameshalipwa.

Kwa hiyo ufukweni ifanyike alaimenti ya awali, kwa umakini wote, na ile ya mwisho ifanyike baada ya chombo kuelea siku mbili au tatu. Gharama ya ujio huo wa pili iingizwe kwenye mapatano tangu mwanzo, na sehemu ya malipo ya fundi ibaki mkononi mwa mwenye chombo mpaka vipimo vinne vya majini viandikwe na nahodha avione kwa macho yake.