Fedha za kampeni Kanda ya Ziwa: nani anakagua, na anamkagulia nani

Anayetaka kupinga mahakamani matokeo ya ubunge wa Nyamagana, Ilemela au Ukerewe anapewa siku 30 tangu matokeo yatangazwe. Mgombea ana siku 60 baada ya uchaguzi za kukabidhi chama chake hesabu ya fedha alizotumia, na chama kina siku 180 za kupeleka hesabu hizo kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Zipange tarehe hizo kwa mfuatano. Karatasi inayoweza kuonyesha kwamba mbunge alivuka ukomo wa matumizi inaweza kufika mezani kwa Msajili miezi mitano baada ya mlango wa kesi kufungwa. Wakati huo mbunge amekwishaapa, amepangiwa kamati na ameanza kuuliza maswali ya nyongeza.

Nimeanza na tarehe kwa sababu mjadala wetu wa fedha za uchaguzi huishia kwenye kukamatwa. Kila msimu wa kura za maoni tunasubiri kusikia TAKUKURU imemnasa nani, wapi, akiwa na bahasha ngapi. Habari ikipita, tunaendelea na shughuli zetu. Kazi ya kila siku ya kusimamia Sheria ya Gharama za Uchaguzi ni kupokea fomu, kulinganisha makadirio na matumizi, kudai risiti na kumuuliza wakala wa mgombea maswali asiyoyapenda. Hakuna gazeti litakaloweka picha ya kazi hiyo ukurasa wa mbele, lakini ndiyo inayoamua kama sheria ipo au haipo.

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ilisainiwa na Rais Jakaya Kikwete Machi 2010. Inampa Waziri mamlaka ya kuweka ukomo wa matumizi kwa kuangalia ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na miundombinu ya mawasiliano. Inamtaka mgombea aeleze mapema fedha alizonazo na anazozitarajia: wa urais kwa Msajili, wa ubunge kwa Katibu Tawala wa Wilaya, wa udiwani kwa Mtendaji wa Kata. Chama nacho kinatakiwa kutoa taarifa ya mchango unaozidi shilingi milioni 1 kutoka kwa mtu mmoja, au milioni 2 kutoka kwa taasisi. Kuhonga kumekatazwa tangu kwenye mchujo wa ndani ya chama.

Anayeiona sheria hii kuwa usumbufu mtupu akumbuke tulikotoka. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima. Mgombea aliweza kuwalisha na kuwanywesha wapiga kura, akasema ni ukarimu wa asili, na sheria ikamkinga. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi za wanasheria za LEAT na NOLA walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji watatu wakavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume na Katiba na kuwabagua wagombea wasio na fedha. Hoja hiyo bado ni ya kweli hadi leo. Mwalimu wa Kwimba anayetaka kuingia bungeni hawezi kushindana na mtu anayepika pilau kata nzima. Bila mtu wa kukagua, mwalimu huyo hajazuiwa na yeyote kugombea, ila ameshashindwa kabla kampeni hazijaanza.

Upande wa ziwa una ugumu wake, na nadhani walioandika sheria hawakuufikiria sana. Nyamagana ni jimbo la mjini. Kutoka Mirongo hadi Buhongwa mgombea anazunguka kwa gari na bodaboda, na anayemfuatilia anaweza kuzunguka naye. Ukerewe ni visiwa. Anayetaka kura za Ukara na Irugwa anakodi boti, ananunua petroli, na ziwa likichafuka analipia watu wake malazi hukohuko. Hizo ni gharama halali kabisa. Tatizo ni kwamba petroli hiyo ndiyo mvuvi anayoihitaji kila jioni. Lita zilizoandikwa kwenye hesabu kuwa usafiri wa timu ya kampeni zinaweza kuishia kwenye injini za tajiri wa kambi ya uvuvi aliyeahidi kura za wavuvi wake, na risiti ya kituo cha mafuta itasoma vilevile. Fedha ya dagaa na sangara kwa sehemu kubwa ni taslimu. Afisa anaweza kufuatilia miamala ya simu, hasa sasa ambapo kila laini imesajiliwa kwa alama za vidole, lakini noti zilizobadilishana mikono mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, alfajiri hazina kumbukumbu. Kuzijua kunahitaji mtu anayeujua mwalo, anayejua nani ana mitumbwi mingapi na nani amepata nyavu mpya ghafla mwezi wa kampeni. Katibu Tawala aliyeketi ofisini Nansio na rundo la fomu hawezi kuliona hilo kwa kusoma makaratasi.

Hata mtoaji wa fedha hana hakika ya kuletewa matunda. Baada ya kura za maoni za 2020 nchi nzima ilijifunza msemo wa "wajumbe si watu", kilio cha watia nia walioahidiwa kura wasizozipata. Na katika uchaguzi wa kwanza chini ya sheria hii, mwaka 2010, Chadema ilichukua Nyamagana, Ilemela na Ukerewe. Wapo wanaotumia mifano hiyo kusema fedha haiamui kitu, kwa hiyo ukaguzi ni kupoteza muda. Siwaungi mkono. Mpiga kura anaweza kupokea na bado akapiga kura anavyotaka, sawa. Lakini anayetaka kugombea huangalia kwanza kama ana za kugawa, na wengi wenye uwezo wa kuongoza huishia hapo. Hao hatuwaoni kwenye matokeo kwa sababu majina yao hayakufika kwenye karatasi ya kura.

Upande wa pili wa hoja ni mzito, na wanaoupuuza wanafanya makosa. Msajili wa Vyama vya Siasa anateuliwa na Rais. Katibu Tawala wa Wilaya anafanya kazi chini ya Mkuu wa Wilaya, naye ni mteule wa Rais, na Rais kwa desturi yetu ndiye mwenyekiti wa chama kinachotawala. Mtendaji wa Kata ni mwajiriwa wa halmashauri. Mgombea wa upinzani anapopeleka kwao fomu inayoonyesha fedha zake zote na mahali zinakotoka, anafungua mkoba wake mbele ya watu ambao hawana namna ya kumhakikishia kwamba mshindani wake hatajua kilichomo. Pia fomu yenye kasoro inaweza kuwa sababu ya kuwekewa pingamizi. Chama kikubwa kina wahasibu na wanasheria wa kuijaza. Chama kidogo kinamtegemea kijana mmoja anayejitolea, naye ndiye huyohuyo anayebandika mabango.

Historia fupi ya sheria hii haijaondoa shaka hizo. Agosti 2010 Chadema ilimlalamikia mgombea wa CCM, aliyekuwa Rais madarakani, kwa Msajili wa wakati huo, John Tendwa, ikidai kwamba ahadi ya kuongeza mishahara ya watumishi wakati wa kampeni ilikiuka sheria mpya. Malalamiko yakatupwa. Mei 2025 Msajili Francis Mutungi alisitisha ruzuku ya Chadema kwa hoja kwamba kikao kilichothibitisha viongozi wake waandamizi hakikuwa na akidi. Hilo lilifanyika chini ya Sheria ya Vyama vya Siasa, si ya gharama za uchaguzi, na sijadili hapa nani alikuwa sahihi kuhusu akidi. Ninachosema ni kwamba mkono unaoweza kufunga ruzuku ya chama ndio huohuo unaopokea hesabu zake za kampeni. Tayari Machi 2022 Mahakama ya Afrika Mashariki ilikwishasema kwamba baadhi ya vifungu vilivyoingizwa kwenye Sheria ya Vyama vya Siasa mwaka 2019 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Mtu akiniambia anaogopa kumpa mamlaka hayo nguvu zaidi, simuoni kuwa mtetezi wa rushwa.

Kuna pia suala la aliyeko madarakani. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge anayekabidhi mabati na saruji za mfuko huo miezi michache kabla ya uchaguzi hajavunja sheria, na wala si gharama ya uchaguzi. Mshindani wake akinunua mabati yaleyale kwa fedha yake, anajibu maswali ya TAKUKURU. Sheria inawapima kwa mizani mbili, na hapo lawama si ya afisa.

Waliotutangulia hawajamaliza tatizo. Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho ya Marekani, iliyoundwa kwa sheria ya 1974, ina viti sita, na chama kimoja hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya vitatu. Kumchukulia mtu hatua kunahitaji kura nne. Muundo huo unazuia chama tawala kuitumia tume dhidi ya wapinzani, na papo hapo unaifanya ikwame mara kwa mara: mwishoni mwa Aprili 2025 ilipoteza akidi kabisa. Jirani zetu wa Kisumu wana Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ya kudhibiti fedha za kampeni, lakini Bunge liliiahirisha hadi baada ya uchaguzi wa 2017, na ule wa 2022 ukafanyika bila ukomo wowote kutumika. Ukipima, Marekani wana taarifa nyingi na adhabu chache. Mwananchi yeyote anafungua intaneti na kuona nani alichangia zaidi ya dola 200, na kazi anayofanya.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo nguvu yetu ingeelekezwa: kuchapisha kabla ya kuadhibu. Mamlaka ya kuadhibu yakiongezwa kwa ofisi isiyoaminika na pande zote, hofu inaongezeka. Taarifa zikiwekwa wazi, ofisi hiyohiyo inapoteza uwezo wa kuchagua nani wa kufumbia macho. Fomu ya matumizi ya kila mgombea ibandikwe pale yanapobandikwa majina ya wagombea, Nansio, Magu, Misungwi na kwingineko. Mvuvi wa Ukara akisoma kwamba mgombea ameandika boti mbili wakati yeye ameona sita, ushahidi huo hauwezi kupatikana kwa afisa yeyote kutoka mjini.

Na tarehe zirekebishwe. Uingereza mgombea ubunge anawasilisha hesabu ndani ya siku 35 baada ya matokeo, mtu yeyote anaruhusiwa kuzikagua kwa miaka miwili, na kesi inayotokana na gharama ina muda wake wa siku 14 unaohesabiwa baada ya hesabu kuwasilishwa. Mlalamikaji anasoma kwanza, halafu anaamua. Hilo halihitaji ofisi mpya wala bajeti kubwa, linahitaji kifungu kimoja kuandikwa upya.

Jina la mchangiaji ni jambo jingine, na hapa nakubaliana nusu na wanaopinga uwazi. Mfanyabiashara wa Makoroboi anayekipa chama cha upinzani shilingi milioni 1 na laki 2 ana sababu ya kuuliza leseni yake itakuwaje jina likibandikwa ukutani. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilikiruhusu chama kidogo cha Socialist Workers Party kutotaja wachangiaji wake huko Ohio, kwa kuwa kulikuwa na ushahidi kwamba watu wake walikuwa wakisumbuliwa. Ningependelea matumizi yachapishwe yote bila msamaha, na majina ya wachangiaji yaanzie kwenye kiwango kikubwa zaidi, kile ambacho mtoaji wake anaweza kumpigia simu waziri na ikapokelewa.

Tena huyo hahitaji kuchangia kampeni. Hatuna sheria inayomtaka mtu anayelipwa kushawishi serikali ajiandikishe na kusema anamwakilisha nani. Marekani wanayo tangu 1995, na tangu marekebisho ya 2007 taarifa hutolewa kila robo mwaka. Ina mianya yake, kwa kuwa anayefanya ushawishi kwa sehemu ndogo ya muda wake hukwepa kujiandikisha. Wapo wanaosema sheria ya namna hiyo kwetu ingewatisha hata akina mama wachuuzi wa dagaa wanaotaka kuonana na mkurugenzi, na hofu hiyo inajibika kwa kuwahusisha wanaolipwa tu. Kanuni za uvuvi ndizo maisha ya ziwa hili. Sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na wavuvi waliochomewa nyavu kwenye operesheni za 2018 wanajua kanuni inagharimu nini. Nyuma ya kila badiliko la kanuni hizo kuna walioliomba: wenye viwanda vya minofu, waagizaji wa nyavu, wenye mitumbwi mingi. Kuomba ni haki yao. Wizara ingeweza kuanza na orodha tu, bila kusubiri Bunge: nani alikutana na Waziri au Katibu Mkuu kabla kanuni haijabadilishwa, kwa niaba ya nani, na aliomba nini. BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, za Ukerewe na Sengerema zingeisoma wakati bado zina nafasi ya kupeleka maoni yao.