Uso wa Promotora Ndio Dhamana

Mara ya kwanza kumwona kazini nilidhani anapiga umbea tu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mtaa wa Gulfton, kusini-magharibi mwa Houston, Texas, ndani ya mojawapo ya yale maduka ya mashine za kufulia ambako unatumbukiza sarafu halafu unakaa kusubiri nguo zizunguke. Mama wa Kihonduras wa miaka hamsini na ushei amekaa kwenye kiti cha plastiki, pembeni mfuko wa mikate ya sukari, anamsaidia mwanamke mwingine kukunja mashuka. Wanaongea kodi ya nyumba ilivyopanda, mtoto wa kiume asiyetaka shule, msimamizi fulani wa ujenzi aliyekaa wiki tatu bila kumlipa mtu. Mimi kliniki ilikuwa imenituma na karatasi yenye visanduku, nihesabu wanawake wangapi "wamefikiwa" kwa saa na ujumbe wa kupima saratani. Dakika arobaini zikapita bila neno saratani kutajwa. Shuka la mwisho lilipokunjwa ndipo akauliza, kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia bei ya nyanya: "Comadre, na wewe mara ya mwisho kupimwa ni lini?" Comadre ni kama kusema shoga yangu.

Yule mwanamke akacheka, akajiziba mdomo kwa foronya. Kisha akaandika namba yake ya simu nyuma ya risiti.

Kwenye karatasi yangu nikaandika: 1.

Wenyewe humwita promotora, kwa kirefu promotora de salud. Si nesi, si daktari. Ni mwanamke wa mtaani aliyefunzwa kuwaelimisha wenzake na kuwasindikiza hadi mlangoni pa huduma. Kazi hii ina mizizi Amerika ya Kilatini, na hapa Marekani ilishika tangu miaka ya 1960 miongoni mwa vibarua wa mashambani, baada ya sheria ya 1962 kutoa fedha za kliniki kwa ajili ya wafanyakazi wanaohamahama na misimu ya mavuno. Texas ilitangulia majimbo mengine, mwaka 1999, kutunga sheria ya kuwatambua, na leo anayetaka cheti cha jimbo husoma saa 160. Mwaka 2010 serikali ya shirikisho nayo ikawapa namba yao kwenye orodha rasmi ya kazi. Maana yake tangu hapo wanahesabika. Kulipwa ni hadithi nyingine, nitaifikia.

Kwa nini wahitajike? Wanawake wa asili ya Kilatini nchini humu hupata saratani ya shingo ya kizazi kwa kiwango kinachozidi cha wanawake weupe kwa takribani theluthi. Saratani ya matiti, kinyume chake, huwapata kidogo kuliko weupe, ila ndiyo saratani inayowaua kuliko zote. Nyuma ya vifo hivi kuna tatizo la kuchelewa. Na dawa ya kuchelewa inajulikana: kipimo cha Pap, yaani kukwangua chembe za shingo ya kizazi na kuzichunguza, kila miaka mitatu kuanzia umri wa miaka 21 hadi 65 (ukishafika 30 unaweza badala yake kupima kirusi cha HPV, kinacholeta saratani hiyo, kila miaka mitano), na mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, kila miaka miwili kuanzia 40. Basi. Hakuna ufundi mkubwa hapo.

Nifungue mabano kidogo. "Hispanic", jina ambalo watu wa asili ya Kilatini huitwa hapa, ni neno la fomu za sensa. Linamchanganya Mmexico ambaye ukoo wake ulikuwa Texas kabla Texas haijawa ya Marekani, Mvenezuela aliyefika mwaka juzi, na mama kutoka nyanda za juu za Guatemala anayeongea K'iche', lugha ya Wamaya, na ambaye Kihispania chenyewe kinampiga chenga. Kumpelekea huyo wa mwisho promotora wa Kihonduras ni sawa na kunipelekea mimi Mtanga mshauri wa Kinaijeria kwa kuwa sote ni Waafrika. Nimeona likifanyika. Kikao kilikuwa kifupi sana.

Maelezo ambayo wataalamu hupenda kuyatoa ni utamaduni. Wanawake hawa wana haya, wanasema. Wanaume wao wana wivu. Wanaamini kila kitu ni kudra, kwa hiyo kupima hakuna maana. Hata jina wamelitafutia, fatalismo. Sisemi haya haipo. Hata mimi ninayo. Ila nilikaa mapokezi ya kliniki miaka minne, nikasikia kwa masikio yangu sababu ambazo wanawake hawa hutoa wanapokosa miadi, na kudra haikuwamo. Walisema: siku ile nisipoenda kazini silipwi. Gari analo mume, na basi linapita mara moja kwa saa. Mtoto nimwache na nani. Mara ya mwisho waliniambia bure, bili ikaja nyumbani. Texas ndilo jimbo lenye sehemu kubwa kuliko yote ya watu wasio na bima ya afya, na ni miongoni mwa yale yaliyokataa kupanua bima ya serikali kwa maskini. Mwaka 2011 bunge la jimbo lilikata theluthi mbili ya bajeti ya uzazi wa mpango, na kliniki zipatazo themanini zikafungwa au zikaacha huduma hiyo, zilezile ambako mwanamke maskini alikuwa akifuata vidonge na kupimwa Pap kwa safari moja. Ukishamfungia mtu mlango, usije ukamwandikia tasnifu juu ya utamaduni wake wa kutopita mlangoni.

Promotora anayajua haya pasipo tasnifu. Elimu yake kubwa haiko kwenye vipeperushi. Anajua basi namba ngapi. Anajua Alhamisi jioni daktari ni mwanamke, na Jumatatu mhudumu wa mapokezi ana ulimi mkali (nakiri, kuna Jumatatu nilikuwa zamu). Anajua jirani yupi atakubali kukaa na watoto kwa saa mbili, na mume yupi hana haja ya kuambiwa mapema.

Mimi mwenyewe alinipata. Tulikuwa garini mwake tukirudi kutoka gulio la Jumapili, lile wanaloliita pulga, akaniuliza: "Na wewe, mija, lini?" Mija ni kama kusema mwanangu. Nikajibu upesi, mwaka jana. Akasema sawa, akaendelea kuendesha. Wiki iliyofuata akaniletea kikaratasi cha miadi chenye jina langu, Alhamisi, nusu saa baada ya zamu yangu kuisha. Ilikuwa imepita miaka sita. Baadaye nilimuuliza alijuaje. Akasema mwanamke aliyepima kweli husita kidogo kukumbuka mwezi.

Pale nilimkumbuka somo yangu. Mwanamke aliyekulia Tanga ananielewa: mambo ya mwili hukufundishwa na daktari wala na mama mzazi, ulifundishwa na somo, nyuma ya pazia, kwa vicheko na vitisho kidogo, na hadi leo akikuita unaitika. Alinifunza hedhi, usafi, unyumba. Shingo ya kizazi hakuitaja, kwa kuwa naye hakuna aliyewahi kumtajia. Ila njia ile ya kufundisha, ya mtu mmoja unayemheshimu na ambaye kesho utaonana naye kisimani, ndiyo hii ambayo Wamarekani wanaiandikia miradi.

Na inafanya kazi, kwa kiasi chake. Kuna utafiti wa mpango uitwao Cultivando la Salud, uliofanywa kwenye jamii za vibarua wa mashambani na kuchapishwa mwaka 2009. Miongoni mwa wanawake wa miaka 50 na zaidi waliokuwa nyuma ya ratiba, waliotembelewa na promotora walikwenda kupiga mamogramu kama wanne katika kila kumi, dhidi ya watatu kwa wasiotembelewa. Kwa Pap, wanne tena, dhidi ya pungufu ya robo. Ni tofauti ya kweli. Pia maana yake ni kwamba sita katika kumi walisikiliza, wakala mikate ya sukari, wasiende. Napenda kulisema hili kwa sababu wafadhili humgeuza promotora kuwa hirizi: mvalishe fulana, mpe begi, umaskini utakimbia wenyewe.

Sasa nije kwenye linaloniudhi.

Promotora akimshawishi jirani yake apime, anaweka rehani kitu kimoja tu alicho nacho: uso wake. Jirani haijui kliniki, hamwamini daktari, serikali anaiogopa. Anamwamini huyu mama. Je, majibu yakirudi mabaya?

Hapo ndipo sheria za nchi hii zinachekesha na kuliza kwa pamoja. Sheria ya 1990 ilianzisha mpango wa taifa wa kuwapima bure matiti na shingo ya kizazi wanawake wasio na bima, na mpango huo haumfungi mtu kwa uraia. Mwaka 2000 ikaja sheria nyingine, kuwezesha majimbo kuwatibu kwa bima ya serikali wale watakaokutwa na saratani. Hii ya pili inauliza karatasi. Mwanamke asiye na hati za kuishi nchini basi anaweza kupimwa kwa fedha za shirikisho, akaambiwa una saratani, kisha mlango wa tiba ukamdai kitambulisho.

Hapa Houston kuna pa kukimbilia. Kaunti ya Harris ina hospitali zake za umma na mpango wa kuwapunguzia gharama wakazi maskini, wakiwamo wasio na hati. Lakini shuka kusini, bonde la Rio Grande, mto wa mpakani na Mexico, kule McAllen na vitongoji vya colonias ambavyo vingi vilijengwa bila maji ya bomba wala mabomba ya majitaka. Kaunti ya Hidalgo haina mfumo wa namna hiyo. Wapiga kura waliukataa mwaka 2014, wakaukataa tena 2016. Hospitali ya saratani ya MD Anderson, inayotajwa dunia nzima, iko hapa Houston, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwao. Na kabla ya kufika, barabara ya kaskazini ina kizuizi cha askari wa mpaka pale Falfurrias, ndani kabisa ya Marekani, zaidi ya kilomita 100 kutoka mto. Mwanamke asiye na karatasi hakipiti. Tiba iko jimbo lilelile analoishi, barabara ya lami ileile, na haifikiki.

Daktari aliyetia saini majibu hatakutana naye tena. Promotora atakutana naye kesho dukani, Jumapili kanisani, na mwakani kwenye mazishi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mkali kuliko wa wenzangu wengi wa sekta hii: mradi wowote wa kupeleka wanawake kupima ambao hauna jibu lililoandikwa la swali "atatibiwa wapi na nani analipa" haufai kumtuma promotora hata nyumba moja. Wapo watakaosema nawanyima wengi kwa ajili ya wachache, maana vidonda vya awali vya shingo ya kizazi hutibika kirahisi kabla havijawa saratani, na tiba hiyo mipango mingi hulipia. Ni hoja nzito, nimelala nayo. Bado nasema jibu liandikwe kwanza. Aliyekaa ofisini hana haki ya kucheza na dhamana ya mtu mwingine.

La pili ni mshahara. Yule mama wa Kihonduras alilipwa kwa ruzuku ya miaka miwili. Ruzuku ilipoisha, kliniki (sitaitaja) ilimfanyia keki na kumpa cheti cha shukrani. Simu yake haikukoma kuita. Wanawake walimpigia kuuliza majibu ya mamogramu ambayo yeye sasa hakuwa na ruhusa ya kuyaona. Alikuwa akinipigia mimi, nami nikiwapigia nesi, na hivyo ndivyo tulivyoendesha huduma ya afya ya jiji la nne kwa ukubwa nchini Marekani. Kenya walipozindua wahamasishaji wao wa afya ya jamii 100,000 mwaka 2023, walilumbana sana kuhusu posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi kuwa ni ndogo. Ni ndogo. Ila angalau imo kwenye bajeti ya serikali, ina pa kudaiwa. Keki haidaiwi.

Siku hizi kuna matumaini mapya: tangu Mei 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani imeruhusu mwanamke ajichukulie mwenyewe sampuli ya HPV akiwa kliniki, na 2025 ikaruhusu kifaa cha kujipimia nyumbani. Nafurahi, kwa ajili ya haya yangu na za wengine. Naona pia mabosi wakipiga hesabu: kifaa kikienda kwa posta, promotora wa nini? Mtu aliyewahi kumwona mama akishika barua ya maabara kichwa chini miguu juu, kwa lugha asiyoisoma, hawezi kuuliza hivyo.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na meneja wa kliniki nyingine. Amesikia naongea Kiswahili. Houston ina Wakongomani wengi walioletwa kama wakimbizi, akina mama waliokaa makambini miaka mingi, na wengi hawajawahi kupimwa Pap hata mara moja. Akataka nimtafutie "mama mmoja mwenye ushawishi, wa kujitolea, Jumamosi mbili tatu hivi". Ninaye. Ni mama wa Bukavu, anaongoza kwaya, akisema kaeni wanakaa. Nilimuuliza meneja maswali mawili: atalipwa kiasi gani kwa saa, na atakayekutwa na ugonjwa atapelekwa wapi.

Akasema atanirudia. Mama wa Bukavu ameshaniuliza mara mbili, "Dada, wale watu wa kupima wanakuja lini?" Nimemwambia asimwambie mtu bado.