Mtoto anahitaji mtu atakayerudi wiki ijayo

Huu ni mwaka wa kumi niko Columbus, Ohio, na kuna kitu kimenikaa rohoni muda mrefu, leo naandika tu hata kama itakuwa ndefu mnivumilie. Ni hii habari ya walezi wa vijana, hizi programu za mashuleni na mitaani wanazoita mentashipu, mtu mzima anapewa kijana mmoja, anamfuatilia, anaongea naye, anakuwa mtu wake. Huku nimeifanya mwenyewe, na nyumbani Muheza nimelelewa na mtu wa namna hiyo bila mtu yeyote kuiita programu, kwa hiyo nikiona tunavyoifanya bongo siku hizi kwa kweli inaniuma.

Huku nimejitolea na Big Brothers Big Sisters. Hawa watu si wa jana, mbegu yake ni New York mwaka 1904, kulikuwa na karani wa mahakama ya watoto anaitwa Ernest Coulter, kila siku anaona vijana wadogo wanapita mbele yake wanahukumiwa, akachoka, akaomba wanaume wa pale mjini kila mmoja achukue kijana mmoja awe rafiki yake. Basi. Mpaka leo kazi ni ileile, mtu mmoja mtoto mmoja.

Mimi nilidhani nitajaza fomu wiki ijayo naanza. Wapi! Walinifanyia intavyuu ndefu, wakaangalia rekodi za polisi, wakataka watu wa kunisemea, wakauliza naishi na nani, nikikasirika nafanyaje, nilikuwaje nilipokuwa mdogo. Nikamwambia mke wangu hawa wananiona mwizi. Halafu wakasema lazima nikubali angalau mwaka mzima, kama siwezi mwaka bora niseme mapema. Nikapewa kijana wa miaka 11, anaishi na bibi yake.

Miezi mitatu ya kwanza aisee yule mtoto hakuongea. Namchukua Jumamosi tunaenda maktaba, namuuliza shule vipi anasema poa, namuuliza unapenda nini anasema sijui, anavuta kofia ya koti mpaka machoni anaangalia dirishani, narudi nyumbani nimechoka kuliko nikitoka kazini. Na kila mwezi kuna dada wa ofisini ananipigia, mlikutana lini, mlifanya nini, umeona nini, halafu anampigia na bibi, anaongea na mtoto pia. Ningekuwa peke yangu ningeacha mwezi wa pili, nasema ukweli kabisa. Yule dada ndo aliniambia mtoto anakupima, watu wengi wameshamwambia wanarudi hawakurudi, wewe endelea kufika saa ileile. Mwezi wa nne siku moja theluji imeshika barabara nikachelewa dakika kama 40, nikamkuta amesimama kwenye ngazi nje na baridi ile, bibi yake anasema amekataa kuingia ndani. Siku hiyo ndo alianza kuongea, akaongea njia nzima.

Baadaye nikasoma kumbe hii programu ya Big Brothers Big Sisters imeshafanyiwa utafiti. Mwaka 1995 walitoa matokeo ya watoto 959 wa miaka 10 mpaka 16, nusu walipewa walezi mapema na nusu wakabaki wanasubiri, baada ya mwaka na nusu waliopewa walezi uwezekano wa kuanza madawa ya kulevya ulikuwa chini kwa asilimia 46, kutoroka shule chini kwa asilimia 52. Lakini ulionishtua mimi ni wa mwaka 2002, wa Jean Grossman na Jean Rhodes. Waliangalia urafiki ulidumu muda gani, wakakuta waliodumu mwaka au zaidi ndo walifaidika hasa, na wale walioachwa ndani ya miezi mitatu walijiona hawana thamani kuliko hata watoto ambao hawakupewa mtu kabisa. Yaani kuja na kupotea ni kumuumiza mtoto, bora usingekuja.

Sasa nirudi nyumbani.

Nikiwa form two kuna watu walikuja shuleni kwetu, siwataji. Walikuja na gari mbili, bango kubwa, projekta ambayo haikuwaka maana umeme ulikatika, tisheti za njano na soda. Kijana mmoja msemaji kweli kweli akatuambia tuandike ndoto zetu kwenye karatasi za manila, mimi niliandika injinia, rafiki yangu wa dawati moja aliandika rubani. Tukazibandika ukutani, wakapiga picha, wakaandika namba ya simu ubaoni wakasema tutarudi mwezi ujao tuone mmefikia wapi. Rafiki yangu alinakili ile namba kwenye jalada la daftari la jiografia. Alipiga mara ngapi sijui, kwa simu ya kuazima, vocha ya kuomba. Zile manila zilikaa ukutani mpaka zikapauka, mvua za masika zikavuja juu yake, wino ukatiririka. Hawakurudi. Rafiki yangu aliacha shule form three akaenda kufanya kazi kwenye mkonge, na wala sisemi ni kwa sababu ya wale watu, ila najua alivyokuwa anaiangalia ile namba.

Mimi kilichoniokoa ni fundi baiskeli. Alikuwa na kibanda karibu na stendi, chini ya mwembe, beseni la maji la kutafutia pancha, solusheni, spoki zimening'inia kwenye msumari. Nilianza kwenda pale darasa la tano kumshikia pampu anipe hela ya andazi. Yeye mwenyewe aliishia la saba, lakini kila Ijumaa alikuwa anasema lete madaftari, anafuta mikono kwenye kanga kuukuu ile grisi isiguse karatasi, anafungua ukurasa kwa ukurasa anahesabu vema na mikosa. Hesabu za sekondari hazijui hata kidogo, ila anauliza hapa kwa nini mwalimu ameweka nyekundu, nieleze. Na mimi kumweleza mtu asiyejua inabidi kwanza nijue, hapo ndo nilipojifunzia hesabu jamani. Nilipofeli moku form four akafunga kibanda siku ya kazi, akaja shuleni na shati lake lile la grisi, akaomba kuonana na mkuu wa shule akasema mimi ni mzazi wake, nataka kujua tunafanyaje. Miaka sita na zaidi, Ijumaa kwa Ijumaa, na hakuna aliyempa hata soda.

Na watu wa Pwani hii kitu tulikuwa nayo siku zote. Dada zangu walipovunja ungo kila mmoja alikuwa na somo yake, na somo hakuwa wa siku moja, anamfunda binti, anamfuata mpaka kwenye ndoa, mambo yakiharibika anaitwa yeye. Sisemi kila alichofundishwa binti kilikuwa sawa, kuna mengine bora yalivyokufa. Nasema kulikuwa na mtu mzima mwenye jukumu na mtoto mmoja anayemjua kwa jina.

Leo je? Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya kata, na tangu ada ifutwe mpaka form four mwaka 2016 watoto wamejaa, jambo jema sana hilo silipingi, lakini darasani ana watoto 80 na bado yeye ndo mwalimu wa malezi, saa ngapi atajua nani amelala njaa na nani anasumbuliwa na mjomba wake? Hapo katikati ndo tunaingiza semina ya siku moja. Na sisi wa nje ndo wachangiaji wakubwa. Grupu letu la WhatsApp huku tulichanga hela nzuri, ikaenda kwenye tisheti, ukumbi, na mtu wa kuhamasisha kutoka Dar, tukatumiwa picha tukafurahi. Na mimi nilichanga. Nikaomba namba za wale watoto tuwafuatilie, hakuna aliyekuwa nazo.

Wapo wanaofanya vizuri hapohapo nyumbani. CAMFED, shirika linalosaidia mabinti kusoma, wako Tanzania tangu 2005, wanawachukua mabinti waliomaliza form four wanarudi kwenye shule za kwao wanakaa na wanafunzi wadogo zao kila wiki, na wenyewe wanapata mkopo usio na riba waanzishe biashara. Binti ni wa kijiji kilekile, akipotea watu wanajua kwao. Hiyo Marekani hawana. Huku mtoto wa jirani humgusi, humtumi dukani, humuulizi lolote, ndo maana wanahitaji ofisi na fomu na bajeti kubwa kumpata mtu mzima mmoja wa kukaa na mtoto. Sisi watu tunao, kila mtaa una mstaafu, una fundi, una mama lishe mwenye akili zake.

Tulichokosa ni ule ufuatiliaji, na ule uchunguzi ambao mimi uliniudhi. Tukubali wapo wanaojiita walezi kumbe wana nia mbaya na watoto, tunawajua na tunanyamaza. Barua ya serikali ya mtaa tunaidai mpaka mtu akitaka kumdhamini ndugu yake polisi, kwa nini asiilete anayetaka kukaa na mtoto wa mtu? Mwenyekiti aulizwe, majirani waulizwe, wakutane sehemu ya wazi, na mtu mmoja alipwe kidogo awe anapiga simu kila mwezi kama yule dada wa huku. Hela ya tisheti zetu ingemlipa huyo mtu miezi mingi tu.

Mimi sasa hivi nina kijana mmoja wa Muheza, yuko form two, mwalimu wake ndo alituunganisha. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi ya huku, kule saa kumi na moja jioni, napiga kwenye simu ya shangazi yake, shangazi anaweka spika anaendelea kuchambua mchele palepale. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa wa logarithimu, umejaa nyekundu. Nimemwambia Jumamosi hii anieleze moja baada ya nyingine kwa nini mwalimu ameweka mkosa.