Uamsho wa dini huja kwa zamu?

Wako wanahistoria wanaoamini kwamba uamsho wa dini hurudi kwa zamu. Mwaka 1978 Mmarekani William McLoughlin aliziorodhesha zamu za nchi yake kuanzia karne ya 17. Kwake, uamsho huzuka pale mafundisho ya wazee yanapokuwa hayaelezi tena maisha ya vijana, kisha jamii nzima hujirekebisha.

Kwamba uamsho hupoa kabla ya kuja mwingine, nadharia hii naikubali. Uamsho wa Afrika Mashariki ulishika moto miaka ya 1930 kwenye hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikofanya kazi daktari Mwingereza Joe Church, swahiba wa Simeoni Nsibambi wa Buganda. Ukafika Uganda, Kenya, hadi Bukoba. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja alichoiba na kwa nani, kesho yake akakirudisha, na ndugu, yaani waumini wenzake wa uamsho, wakamwimbia Tukutendereza Yesu (Tunakusifu Yesu), kwa Kiganda hata ugenini. Lakini kufikia miaka ya 1970 walokole wengine wa Uganda walikuwa wakilalamika kwamba wenzao wamelala. Wakajitenga, wakajiita Bazukufu, yaani waliozinduka, na masharti yao yakawa makali hata kwenye suala la kukopa.

Hiyo saa ya kurudi ndiyo inayonipa shida. Buganda ilishapata uamsho mwaka 1893, enzi za mmisionari George Pilkington. Ukihesabu hadi Gahini unapata kama miaka 40, na mpenda mizunguko atachekelea. Ila kilichousambaza ule wa Gahini ni mtandao wa misheni za Kianglikana: walimu na wahudumu wa hospitali waliosafiri kwa vikundi, kama kile kilichokwenda Kabete, Kenya, mwaka 1937. Bila njia hizo sijui miaka 40 ingefanya nini. Hata Marekani, mwanahistoria Jon Butler aliandika mwaka 1982 kwamba ule "Uamsho Mkuu" wa karne ya 18 umeunganishwa na waandishi wa baadaye kutoka matukio yaliyotawanyika.

Na kujirekebisha kwa jamii? Nchini Kenya, ndugu wengi walikataa kiapo cha Mau Mau na wengine wakauawa kwa hilo. Rwanda, chimbuko lenyewe, mwaka 1994 watu walichinjwa ndani ya makanisa. Mtetezi wa nadharia atajibu kwamba moto ulikuwa umeshapoa. Huenda. Ila kwa jibu hilo hakuna tukio linaloweza kumkosoa: jamii ikiongoka ni uamsho, ikiharibika ni kupoa.