Nyumba ya zamani, fedha kidogo: ukarabati wa kijani uanzie wapi?

Watetezi wa nyumba kongwe wana hoja ambayo ni vigumu kuipinga. Saruji, chuma, vioo na matofali yaliyomo kwenye nyumba hiyo yalikwisha kuchafua hewa siku yalipotengenezwa, na uchafu ule haurudi kiwandani. Anayebomoa ili ajenge upya anafungua deni jingine. Mwaka 2011 taasisi ya Preservation Green Lab ya Marekani ilipiga hesabu ya deni hilo: jengo jipya linalotumia nishati pungufu kwa asilimia 30 kuliko la zamani huhitaji kati ya miaka 10 na 80, kutegemea aina yake na mahali lilipo, hadi lifidie madhara ya ujenzi wake kwa tabianchi. Miaka 80! Aliyejenga hatakuwepo deni likiisha.

Basi tukarabati. Ila neno hilo limebeba kazi mbili zisizofanana, na ubishi mwingi hutokana na kuzichanganya.

Kazi ya kwanza ni ya kuziba. Mianya ya milango na madirisha, matundu ya mabomba na nyaya yanayopenya ukutani, kisha dari itandikwe tabaka nene la kuzuia joto, liwe la sufi ya kioo au la selulosi inayotokana na magazeti yaliyosagwa. Penye baridi, joto la ndani halitoroki haraka kupitia juu. Penye jua kali, joto la paa haliteremki vyumbani. Ni kazi isiyo na fahari, kwani hakuna mgeni atakayepanda darini kukusifia. Nashuku ndiyo maana wengi hukimbilia paneli za sola kabla ya kuziba chochote. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini hapa mchukuzi ndiye mwenye mali.

Kazi ya pili ni ukarabati wa kina: kuta zivikwe tabaka nje au ndani, madirisha yawekwe vioo viwili au vitatu, na ufungwe mtambo wa kubadilisha hewa pamoja na pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani. Matumizi ya nishati hushuka mno. Gharama nayo hupanda hadi neno "nafuu" likose maana kwa familia ya kawaida.

Wenye shaka na ukarabati wana ushahidi wao, na haugusi kazi ya pili peke yake. Wachumi Meredith Fowlie, Michael Greenstone na Catherine Wolfram walifuatilia kaya zaidi ya 30,000 jimboni Michigan, Marekani, chini ya mpango wa serikali unaokarabati bure nyumba za watu wa kipato kidogo. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018, gharama ilikuwa kama mara mbili ya thamani ya nishati iliyookolewa, na makadirio ya wahandisi yalizidi uokoaji halisi zaidi ya mara tatu. Mtu anaweza kujibu kwamba huo ni mpango mmoja wa jimbo moja, uliojumlisha dari, kuta, mianya na tanuri za kupasha nyumba joto katika fungu moja. Ni kweli. Lakini kwangu matokeo yale yanatosha kumfanya mwenye nyumba asiamini jedwali la muuzaji kabla ya kulinganisha na bili zake mwenyewe.

Hata kuziba kuna hatari zake. Australia ilianza kugharamia uwekaji wa tabaka la kuzuia joto darini mwaka 2009 kwa pupa, mafundi wasio na uzoefu wakajazana, na vijana wanne wakafariki kazini. Mpango ulisimamishwa Februari 2010. Kwenye nyumba za zamani kuna pia asbesto, rangi yenye madini ya risasi na nyaya zilizochakaa. Na nyumba iliyozibwa bila njia ya kutolea unyevu wa jikoni na bafuni huota kuvu.

Pingamizi linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni la wapenzi wa ukarabati wenyewe: kwamba nusu ya kazi huziba njia ya nusu iliyobaki. Ukibadilisha madirisha leo kwa yale ya bei ya chini, hutayang'oa kesho ili uweke bora. Utakaa nayo miaka 30. Wana haki kuhusu madirisha. Kuhusu dari, sioni: tabaka jingine huongezwa juu ya lile la kwanza. Kwa hiyo naona heri kuanza na kisichofunga mlango, na vile vya kudumu vingoje fedha itoshe. Hata EnerPHit, kiwango cha ukarabati wa kina cha Passive House Institute, taasisi ya Ujerumani ya nyumba zinazotumia nishati kidogo mno, ambacho si cha wanyonge, huruhusu kazi ifanywe kwa awamu mradi ramani nzima ichorwe mwanzoni.

Ramani hiyo ina bei yake. Paa likifika wakati wa kubadilishwa, kingo zake zirefushwe kidogo, ili siku kuta zitakapovikwa tabaka kwa nje, mvua isipate pa kupenyea. Ni mbao chache za ziada zinazonunuliwa leo kwa ajili ya ukuta ambao huenda usivikwe kamwe.