Nilivyonyenyekea madhabahuni mpaka nikatolewa pepo

Kwanza niseme sauti ninayo, hilo hata wasionipenda kwaya wanakubali. Shida ni kwamba miaka minne hapa kanisani kwetu Mtwara mjini nilikuwa wa kuitikia tu, yaani dada kiongozi anaimba mstari mzima watu wanatoa machozi, sisi wa nyuma tunamalizia "oooh Bwana" basi, kazi imeisha. Inauma jamani. Mtu akinisifia nasema "utukufu kwa Mungu" huku moyoni najiuliza mbona maiki hainifikii.

Sasa mwaka juzi Novemba, msimu wa korosho umekolea, dada akaenda kwao Newala, baba yake ana magunia ya kupeleka ghalani na mnada uko karibu. Jumamosi jioni mchungaji akanipigia, "mwanangu, kesho utatuongoza." Nikajibu kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, mimi sistahili, ila kama Bwana amependa..." Simu ilivyokatika niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

Usiku sikulala. Niliangalia video za waimbishaji wa Dar, wa Naijeria, wa Marekani, nikagundua wakubwa wote ikifika kilele wanashuka chini. Anapiga magoti, anajilaza kifudifudi, maiki mdomoni, kinanda kinalia taratibu, na kanisa zima linasema huyu kijana ni mnyenyekevu kweli. Nikasema hapa hapa. Nikapanga kabisa: wimbo wa tatu, kiitikio mara ya nne, nashuka. Nilifanya mazoezi kwenye mkeka mara saba, mpaka mama mwenye nyumba akaniita kupitia ukutani, "We baba wee, unaumwa?"

Jumapili nikatinga suti nyeusi vipande vitatu. Anayelijua joto la Mtwara mvua zikiwa bado hazijashuka, chini ya bati lisilo na dari, anajua nilikuwa nachemka kama mhogo. Pambio la kwanza poa, la pili poa. La tatu, kiitikio mara ya nne, nikashika sikio, ndio ishara tuliyokubaliana na mpiga kinanda atulize, nikapiga magoti, nikajilaza taratiiibu.

Ila kuna kitu sikukipigia hesabu, zulia. Lile zulia jekundu la madhabahuni huwa linafagiliwa juu juu kwa chelewa, kulitoa nje kulikung'uta hakuna, kwa hiyo vumbi la mwaka mzima limo mle mle na mimi nimezamisha pua katikati nikavuta pumzi ndefu ya upako.

Chafya ya kwanza nikaibana, ikapitia kooni, "HHNGRRRR", na maiki iko mdomoni, spika zote zikaipokea. Ya pili ikanirusha miguu. Ya tatu sijui ilitokaje, ila mtoto wa mtu akaanza kulia.

Nikasikia mama mmoja wa maombi kule nyuma, "Haleluyaaa, limejidhihirisha!"

Wee! Kufumba na kufumbua nimefunikwa khanga, nimekamatwa mikono na miguu, kwa pembeni naona visigino tu na ndala moja ya bluu iliyoshonwa kwa waya. Nasema niacheni, mimi mzima! Mzee wa kanisa anajibu, "Hatukuachi, umemtesa muda mrefu!" Nasema jamani ni vumbi! "Mavumbini utarudi!" Kadiri ninavyojitetea ndivyo wanavyozidi kukaza, maana kila mtu anajua pepo hujitetea.

"Jina lako nani?"

Nikataja jina langu.

"Sikuulizi huyu kijana, nakuuliza wewe!"

Ukisoma Marko 5, yule mtu wa makaburini naye aliulizwa jina akajibu Legioni, kwa sababu walikuwa wengi. Mimi nimekaa kimya nawaza nijibu nini, mzee akageuka, "Wako wengi hawa, ongezeni watu."

Maiki nayo ilikuwa imebingirika huko. Mama mmoja anayeuza samaki feri, hajawahi kushika maiki maisha yake yote, akaiokota isije ikakanyagwa, na kwa kuwa keshaishika akaanzisha pambio la kizamani, bila ki, mpiga kinanda anamtafuta huku na huku hampati. Kanisa likawaka moto. Watu walilia, tena walilia kuliko hata siku za dada. Na mimi chini ya khanga nikajikuta naitikia, "oooh Bwana."

Mzee akasema, "Ameanza kulainika."

Wakaniachia, nikakalishwa benchi la mwisho na maji ya sukari, suti imekuwa ya rangi ya zulia. Mchungaji akahubiri Luka 14, wale wageni waliokuwa wanagombea viti vya mbele arusini. Mpaka leo sijui kama alikuwa ameliandaa hilo somo au alibadilisha palepale.

Jumapili iliyofuata dada karudi, kaniletea na korosho za kubangua, ananiangalia kwa huruma ambayo sikuipenda hata kidogo. Wakati wa shuhuda mchungaji akaita, "kijana wetu aje amshukuru Mungu," nikapewa maiki, mzee wa kanisa akaja kusimama pembeni yangu, karibu kabisa. Nikasema liwalo na liwe, naongea ukweli.

"Wapendwa, Bwana asifiwe. Mimi sikuwa na pepo. Lilikuwa ni vumbi tu."

Kanisa kimya. Halafu ile sauti ya yule mama kule nyuma, taratibu, kwa masikitiko:

"Bado limo."