Msiifute rejista, ihamishieni maabara

Kila muhula ukianza Kampala, mjadala ni uleule: mwanafunzi asiyefikisha asilimia 75 ya mahudhurio azuiwe mtihani au aachwe? Safari hii naona vijana wengi wanaitolea mfano Ulaya. Eti huku hakuna anayeitwa jina darasani, basi na nyumbani rejista ifutwe. Mimi naishi Helsinki, Ufini, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na niliwahi kuwa msaidizi wa maabara ya kompyuta ya wanaoanza. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito.

Ni kweli kwamba katika Chuo Kikuu cha Helsinki unaweza kukosa mihadhara ya programu na hakuna atakayekuuliza. Lakini kila wiki kuna mazoezi yenye siku ya mwisho. Unaandika programu, unaituma, mashine inaikagua papo hapo na kukuambia imekwama wapi. Usipotuma, alama hupati. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kozi ya utangulizi ilipunguziwa mihadhara ikaongezewa saa za maabara, ambako wasaidizi hupita kati ya meza. Yule Mfini ambaye hukumwona mhadharani, jioni utamkuta maabara anagombana na lupu yake, yaani kile kipande cha programu kinachojirudia. Kuhudhuria anahudhuria, ila hasaini.

Nyumbani tunasaini. Karatasi inaanzia benchi la mbele, na ikifika nyuma ina saini nyingi kuliko vichwa vilivyomo ukumbini. Mwenye kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, ndiye rafiki wa kweli.

Binamu yangu wa Bombo yuko mwaka wa kwanza chuoni, anasoma programu. Juzi kwenye simu akajisifu: "Kaka, mimi sijakosa hata kipindi kimoja." Namwamini, si mtu wa kusainiwa. Nikamwomba anitumie programu aliyoandika wiki ile. Ikaja picha ya ukurasa wa daftari, programu imenakiliwa kutoka ubaoni, mwandiko safi kabisa. Nikamwuliza ukiiendesha inatoa nini.

"Bado sijaiendesha, kaka. Laptopu sina, na zamu yetu ya maabara ni Alhamisi."

Ilikuwa programu ya kuhesabu kutoka 1 hadi 10, na katika kunakili aliruka mstari unaoongeza hesabu. Daftarini kosa hilo halionekani. Kwenye kompyuta ingechapisha 1, 1, 1, 1 bila kukoma mpaka uizime, na hapo ndipo mtu huelewa lupu ni kitu gani. Wiki inayofuata wanaingia kwenye orodha, yaani data nyingi zilizopangwa pamoja, na orodha bila lupu haikufikishi mbali. Historia ukikosa sura moja unaweza kuisoma usiku wa kuamkia mtihani. Programu hainyweki kwa mkupuo hivyo, ndiyo maana hata nje watu wanaanguka: makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2007 yalisema karibu asilimia 33 ya wanafunzi hushindwa kozi ya kwanza, na yaliporudiwa mwaka 2019 yakawa asilimia 28.

Wanaotaka rejista ifutwe wajue pia kwamba uchambuzi wa mwaka 2010 uliokusanya tafiti nyingi za vyuo vikuu ulikuta mahudhurio yanabashiri alama za chuo vizuri kuliko hata alama za sekondari. Wanaoishikilia nao wajue uchambuzi huohuo ulikuta kumlazimisha mtu kuhudhuria kunaongeza alama kidogo tu.

Sasa tofauti yenyewe. Mfini akikosa mhadhara, somo linamsubiri chumbani: intaneti haikati, laptopu ni yake. Wa kwetu akikosa, somo limekwenda. Bando ni ghali, na tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Umeme wa hosteli mnaujua. Zaidi ya hayo, kompyuta ikigoma inagoma kwa Kiingereza kigumu, na anayekufafanulia ni jirani wa meza, kwa Kiswahili au Kiganda, akikuonyesha kwa kidole nukta mkato iliyosahaulika. Huyo jirani humpati hosteli saa tano usiku taa zimezimika. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kampala anahitaji kuwepo kuliko huyu wa Helsinki, na kumwambia "fanya kama Ulaya, baki chumbani" ni kumdhulumu.

Ninachotaka ni saini itoke kwenye ukumbi wa mhadhara iende maabara, na isiwe ya kalamu. Aliyeendesha zoezi la wiki amehudhuria, ambaye hakuendesha hakuhudhuria, hata kama alikaa benchi la mbele. Vyumba vifunguliwe jioni na Jumamosi, na wanafunzi wa mwaka wa tatu walipwe kidogo wawe wasaidizi. Kompyuta zikiwa chache, wakae wawili wawili, wapokezane kibodi.

Najua jibu litakalokuja: watanakiliana mazoezi kama walivyosainiana. Watanakiliana, ndiyo. Huku nako wananakiliana. Msaidizi anasimama mezani na kusema, "Haya, igeuze ihesabu kutoka 10 kurudi 1." Aliyeiandika mwenyewe anamaliza kabla msaidizi hajahamia meza ya pili. Aliyenakili anaanza kutafuta rafiki kwa macho.